Motokari Isiyopiga Kelele

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakristu wa Korinto, aliandika neno ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Alisema kwamba dhamiri yake haikumshitaki kwa jambo lo lote. Lakini hakuona kuwa jambo hilo latosha kumfanya mwenye haki, kwa sababu mwenye kumhukumu ni Bwana. Huyo ni Paulo, aliyepigwa na kufungwa kwa ajili ya Injili. Kama kulikuwa na mtu aliyeweza kuutegemea utulivu wa moyo wake, ndiye yeye, naye hakuutegemea. Lakini wako Wakristu wengi, wasiofika hata kwenye kivuli cha Mtume, ambao wakiulizwa na padri mbona hawaonekani tena kwenye kiti cha maungamo, hujibu: "Padri, moyo wangu umetulia. Sina neno." Hawasemi uongo. Kweli mioyo yao imetulia. Imebaki kujua utulivu huo umetoka wapi.

Mafundi wa motokari za zamani wanalijua swali hilo kuliko watu wengi, ingawa wao huliuliza juu ya chuma.

Zamani katika miji ya Kongo zilionekana motokari nyingi ndogo za Volkswagen, zile za mgongo wa mviringo ambazo wenye kusema Kifaransa huziita Coccinelle. Zilitengenezwa mjini Wolfsburg katika Ujerumani, tena katika nchi nyingine, na ile ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Puebla, huko Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Zote pamoja zilipita milioni 21. Motere yake imewekwa nyuma, wala haipozwi kwa maji. Hupozwa kwa upepo wa feni tu. Ni motere ya vyombo vichache, nyepesi kufunguliwa, tena mvumilivu sana. Lakini ina udhaifu wake, na udhaifu huo ndio habari ya mafundisho haya.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu mmoja mzee wa Bukavu, mwenye motokari ya namna hiyo iliyotengenezwa mwaka 1968. Aliitunza vizuri. Aliiosha kila Jumamosi, akaenda nayo Misa kila Dominika, na watu wakasimama kuitazama. Jambo alilojisifia hasa ni ukimya wake. Motokari nyingine za aina hiyo hupigapiga kama cherehani. Yake ilikwenda pole pole bila kelele. Alipenda kuwaambia vijana: "Sikilizeni! Mmesikia kitu?" Nao walikubali kwamba hawakusikia kitu.

Siku moja alikuwa akirudi kutoka Uvira. Kila aliyepita njia ile anajua kwamba toka ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi, mtu huvuka kwanza bonde la Ruzizi lenye joto mpaka Kamanyola, halafu hukutana na mlima wa Ngomo, ambapo barabara hupanda kwa kona nyingi kuelekea Nyangezi. Katikati ya mlima ule motere ikapungua nguvu. Ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Mke wake na wajukuu wawili wakashuka wakatembea kwa miguu nyuma yake, na hivyo ndivyo walivyofika juu.

Kwanza mwalimu alilaumu esansi, kwamba ilichanganywa na maji. Akabadilisha esansi, hali ikabaki ile ile. Akalaumu buji, akanunua nne mpya. Hata hizo hazikusaidia. Ndipo akampelekea fundi.

Fundi yule alikuwa kijana, lakini alifundishwa na baba yake. Hakuanza kufungua. Alitia ufunguo kwenye nati ya nyuma ya motere, akaanza kuizungusha kwa mkono, taratibu. Motere ya silinda nne ikizungushwa hivyo, kila nusu ya mzunguko lazima mkono usikie ugumu, kwa kuwa silinda moja inabana hewa. Mara ya kwanza ugumu ukawako. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu ufunguo ukapita bure, kama mlango usio na komeo. Fundi akamwambia mtoto wa kazi ategee sikio kwenye bomba la moshi, kisha akazungusha tena. Mtoto akasema: "Inapumua. Fsss." Fundi akatikisa kichwa. "Mzee," akasema, "ni supapi ya kutolea moshi, na bila shaka ni ya silinda ya tatu."

Hapa inafaa kusimama kidogo ili jambo lieleweke. Supapi ni mlango mdogo wa chuma ulio kama uyoga: kichwa kipana na shina refu. Ule wa kutolea moshi hufunguka ili moshi wa moto utoke, kisha hufungwa ili silinda iweze kubana hewa. Motere ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mlango huo hufunguka na kufungwa mara 1500 kwa dakika hiyo moja. Moto unaoupita ni mkali hata chuma kuwa chekundu. Kwa nini basi hakiungui? Kwa sababu kila mara mlango unapofungwa, kichwa chake hukalia kiti chake barabara, na katika kukaa huko humwaga joto lake kwenye kiti. Pumziko lake ni punde mno, lakini ndilo linalouokoa.

Ili supapi ikae barabara, wenye kuunda motere hiyo waliweka nafasi ndogo sana kati ya shina lake na mkono unaoisukuma: sehemu moja ya kumi ya milimita, baadaye wakaona afadhali 0.15. Ni unene wa karatasi moja au mbili. Nafasi hiyo ikiwa kubwa mno, vyuma hugongana na kupiga kelele. Mwenye motokari husikia na kukasirika. Lakini kadiri miaka inavyokwenda, shina la supapi hurefuka kidogo kwa moto, au kiti huliwa, na nafasi hupungua. Ikipungua, kelele nazo hupungua. Ikiisha kabisa, motere hunyamaza. Siku hiyo mwenyewe hufurahi. Kumbe mlango hauketi tena kwenye kiti chake. Umebaki wazi kwa unene wa unywele, haupumziki, haumwagi joto, nao unaungua kila dakika ya safari.

Na kwa nini silinda ya tatu? Kwa kuwa katika motere hizo, kabla ya zile za mwaka 1971, chombo cha kupozea mafuta kilisimama katika njia ya upepo uendao kwenye silinda hiyo. Ilipata upepo mchache kuliko wenzake. Kila motere ina mahali pake pa joto zaidi, na fundi aliyefundishwa vizuri huanza kutazama hapo.

Basi wakaitoa motere, maana imeshikwa kwa bulo nne tu, wakafungua nati nane za kifuniko cha silinda. Ile supapi ilikuwa imekatika ukingo wake upande mmoja, kama kipande cha muhogo kilichotafunwa na panya.

Fundi akauliza: "Mzee, haikupigapiga kamwe?"

Mwalimu akajibu kwamba ilipigapiga miaka mingi iliyopita. Kelele ilimchosha, akampa fundi mmoja wa barabarani fedha kidogo ili ainyamazishe. Yule akageuza skurubu kwa dakika chache, na tangu siku hiyo ilikuwa kimya.

"Aliinyamazisha," akasema fundi. "Hakuiponya."

Mwalimu akataka kujua kama supapi ile ya zamani haiwezi kusagwa ukingo wake na kurudishwa, kwa kuwa mpya ni ya kuagizwa na fedha ni chache. Fundi akakataa. Alimwonyesha shingo ya supapi, jinsi ilivyoanza kuwa nyembamba. Shingo kama hiyo ikikatika motere inapokimbia, kichwa huanguka ndani ya silinda, pistoni hukipiga, na mara moja huharibika vyote. Akasema angoje kipya, tena wabadilishe na ile ya jirani yake. Wakangoja majuma matatu.

Vilipofika, fundi alikata kiti upya, akapaka unga wa kusagia wenye mafuta, akashika supapi kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya mwishoni, akakipekecha kati ya viganja vyake kama wazee walivyopekecha moto. Alipekecha, akapangusa, akatazama, akapekecha tena. Hakuridhika mpaka alipoona kwenye ukingo duara moja la kijivu, lisilokatika popote. Kisha akamimina esansi kidogo juu yake akangoja. Haikuvuja hata tone.

Kazi ikaisha. Asubuhi ya kesho yake, motere ikiwa imelala baridi usiku kucha, akapima nafasi kwa kibati chembamba, akafunga, akaiwasha. Mwalimu akakunja uso. "Fundi, inapiga kelele."

"Mzee, iache ipige. Sauti hiyo ndogo ndiyo nafasi yake. Ukiipoteza, usiishangilie, niletee. Hata isipopotea, niletee kila kilomita 5000, kwa maana jambo hili halipimwi kwa sikio."

Neno hilo la fundi lafaa kuandikwa mlangoni mwa kila kanisa. Dhamiri haipimwi kwa sikio. Wakristu wengi hufikiri kwamba dhambi kubwa lazima ipige kelele rohoni, na kwamba pasipo kelele hapana dhambi. Ni kweli kwa mara ya kwanza. Kijana anapoiba mara ya kwanza halali usiku. Mara ya kumi analala. Je, dhambi ya mara ya kumi imekuwa ndogo? Imekuwa kubwa zaidi, lakini nafasi kati ya moyo wake na sheria ya Mungu imezibwa, wala hakuna kinachogonga tena. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timoteo, anataja watu ambao dhamiri zao zimechomwa kama kwa chuma cha moto. Mahali palipochomwa hivyo hapasikii tena maumivu.

Maandiko Matakatifu yanatoa mfano wa kutisha katika mfalme Daudi. Alimtwaa Betsabea, akamwua Uria mumewe kwa upanga wa Waamoni. Hata nabii Natani alipomjia, mtoto alikuwa amekwisha zaliwa. Maana yake, miezi mingi ilipita, na Daudi alikula, alilala, aliamua kesi za watu. Tena jambo hili ndilo la kushangaza: Natani alipomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, Daudi aliwaka hasira, akaamuru mwana-kondoo alipwe mara nne. Dhamiri yake haikufa. Ilikuwa kali sana kwa dhambi ya mtu mwingine. Ni mahali pamoja tu palipokuwa kimya, na hapo ndipo palipokuwa panaungua.

Baba Mtakatifu Pio XII, tarehe 26 Oktoba 1946, aliwaambia kwa redio wakatekista waliokutana Boston, Marekani, kwamba labda dhambi kuu ya wakati ule ni kwamba watu wameanza kutoona dhambi kuwa dhambi. Yohane Paulo II alilikumbusha neno hilo katika waraka wake juu ya upatanisho na kitubio, mwaka 1984. Mapapa hao hawakulalamika kwamba watu wamekuwa wabaya kuliko babu zao. Walilalamika kwamba kelele imekwisha.

Wala fundi wa kunyamazisha hakosekani popote. Rafiki asemaye, "Kila mtu anafanya hivyo," ndiye. Ndugu asemaye, "Mambo ya zamani yaache," ndiye. Wakati mwingine mtu hujifanyia mwenyewe kazi hiyo: hutoa sadaka kubwa kanisani, na fedha zile humtulizia moyo kuliko zinavyomsaidia maskini. Skurubu imegeuzwa, bei yake ndogo, dakika chache tu.

Iko pia hatari ya upande wa pili, ingawa si ya wengi. Kuna roho zenye nafasi kubwa mno: hugonga kwa kila kitu, huona dhambi ya mauti katika wazo lililopita, huungama leo jambo lile lile waliloungama jana. Roho hizo huteseka sana, na watu hawapaswi kuzicheka. Dawa yao ni kumtii muungamishi wao na kutulia anapowaambia watulie. Lakini motere yenye kelele nyingi huchakaa polepole, nayo yaweza kutengenezwa wakati wo wote. Ile iliyonyamaza kabisa ndiyo inayoharibika mlimani, watu wakiwa ndani.

Basi Mkristu apime kwa nini, kama si kwa sikio? Kwa kipimo kisichorefuka wala kupungua: Amri Kumi za Mungu, amri za Kanisa, kazi za hali yake kama baba, mama, mwalimu, mwenye duka. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wanafunzi wake kuichungua dhamiri kila siku, wala hakuwaambia wangoje mpaka wasikie uchungu. Mtu achague saa ambapo moyo umepoa, si katikati ya ugomvi. Aanze na silinda ya tatu, yaani pale anapojua kwamba upepo haufiki: kwa mmoja ni fedha, kwa mwingine pombe, kwa mwingine chuki ya miaka juu ya jirani. Na alione jambo lenyewe jinsi lilivyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba dhambi za mauti ziungamwe kila moja, kwa aina yake na hesabu yake, kadiri mtu anavyoweza kuzikumbuka baada ya kujichungua vizuri. Asemaye tu, "Nimekosa, kama watu wote," amebadilisha buji.

Kuhusu mwalimu, habari yake haikuishia katika karakana. Wakati wa majuma yale matatu alikwenda kwa miguu, na mtu aendaye kwa miguu hufikiri. Alikumbuka shamba la migomba pale Nyangezi, ambalo baba yake aliwagawia yeye na ndugu yake. Ndugu alipokufa, mwalimu aliung'oa mti wa mpaka akaupanda upande wa pili, ndani ya sehemu ya mjane. Mjane alisema mara moja. Hakuna aliyemsikiliza, akanyamaza. Siku za kwanza mwalimu hakupita njia ile kwa aibu. Baadaye wazee wa ukoo walimwambia kwamba mwanamke hana shamba, naye akaridhika. Hiyo ilikuwa miaka 20 iliyopita. Katika maungamo yake ya kila Pasaka jambo hilo halikutajwa hata mara moja, kwa maana halikumwuma.

Akaenda kwa padri akaungama. Alipomaliza, akaongeza: "Lakini, Padri, mjane yule alikwisha kufa. Nitamrudishia nani?" Alitumaini kidogo, kama watu wanavyotumaini, kwamba deni limezikwa pamoja na mwenye kudai.

Padri akamweleza mafundisho ya Kanisa. Kitu cha wizi hakisafishwi na kifo cha aliyeibiwa. Kama ana warithi, ni mali yao. Kama hana hata mmoja, hupewa maskini, wala hakibaki kwa aliyekitwaa. Mtakatifu Augustino alikwisha kumwandikia Makedonio kwamba mtu awezaye kurudisha mali ya mwenzake asiirudishe, hatubu. Anajifanya tu kutubu. Padri akamwuliza kama mjane aliacha mtoto.

Alikuwako mwana mmoja, mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Kalundu, karibu na Uvira. Mwalimu aliteremka tena mlima wa Ngomo, motokari ikipigapiga kidogo njia nzima, akamkuta kijana kazini. Kijana hakumkaribisha vizuri, na hakuna wa kumlaumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Mama yangu alisema kweli?"

"Alisema kweli, mwanangu."

Dominika iliyofuata baada ya Misa walikwenda shambani pamoja na wazee wawili, mmoja wa kila upande. Shina la mti wa zamani lilikuwa limeoza, lakini tundu lake lilionekana. Wakanyoosha kamba toka tundu lile mpaka mti wa sasa. Ilikuwa hatua kumi na moja, pamoja na migomba yote iliyomo.